Siku Niliyomwongoza Bi Zuhura Nikiwa Sioni

Mkasa huu nimeukalia muda mrefu, kwa sababu kila nikianza kuusimulia watu hucheka kabla sijafika mahali panaponiuma, lakini leo nitausema wote, na aibu yake yote.

Mimi ni mtu wa Murang'a, nafua na kupiga pasi katika hoteli moja hapa Dubai, na Jumapili ndiyo siku yangu ya kupumzika. Jumapili hizo nilikuwa nakimbia na Bi Zuhura, mama wa Kizanzibari ambaye familia yake imekaa mji huu tangu kabla sijazaliwa, na ambaye presha ya macho ilimpofusha akiwa mtu mzima. Tulijuana pale Al Jaddaf, kwenye njia ya kando ya maji, nilipomsikia akiongea Kiswahili kwenye simu huku anapapasa njia kwa fimbo, nikamwamkia, na salamu zikazaa urafiki. Tulikuwa tunashika kamba fupi, yeye mwisho huu na mimi mwisho ule, nami namwambia njia: kona, kidaraja, baiskeli inakuja.

Mwanawe Nassor hakupenda. Alimwambia mbele yangu, "Mama, huyu humjui vizuri. Ukianguka je?"

"Nikianguka nitainuka," Bi Zuhura akamjibu. "Ndani nimeshakaa vya kutosha."

Wakapatana kwamba akimaliza salama mbio za kilomita tano zilizokuwa zinakuja Januari, papo hapo kando ya maji, Nassor hatasema neno tena. Kwa hiyo mjue nilikuwa nimeshika nini siku ile, maana haikuwa kamba tu.

Sasa, macho yangu yanatoka machozi upepo ukinipiga, na jua la asubuhi likigonga maji linachoma, hivyo sikimbii bila miwani ya jua. Lakini msimu wa baridi (ndiyo, Dubai kuna baridi, asubuhi za Januari hewa ina unyevu mpaka viti vya nje vinalowa) nilikuwa nafunika pua kwa skafu, pumzi ya moto inapanda juu, na vioo vinaingia ukungu mpaka najiona kama niko kazini katikati ya mvuke wa pasi. Mwenzangu wa chumba, Atieno, akaniambia, "Paka sabuni ya vyombo, tone tu, halafu ufute mpaka kioo kikauke kabisa." Mimi nikashika neno sabuni, mengine yakanipita. Asubuhi ya mbio nikapaka ya kutosha, nikafuta juu juu kwa sababu nilikuwa nachelewa, nikatoka. (Kushusha skafu puani kungesaidia kuliko sabuni yote hiyo, lakini hilo nilikuja kulijua baadaye.)

Mwanzoni miwani ilikuwa safi kabisa, nikajipongeza, nikamwelezea Bi Zuhura hadi rangi za fulana za watu. Halafu, tulipopita chini ya daraja, jasho likaanza kuteremka kwenye paji la uso, likaikuta ile sabuni, na povu likaniingia jicho la kulia, mara la kushoto nalo, na yote mawili yakajifunga kama yameshonwa.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. "Tusimame kidogo," basi, yangeisha. Lakini nilimfikiria Nassor amesimama mwisho wa mbio na uso wake ule, nikajiambia nitapepesa yatapona, nikaendelea kukimbia nikifuata vishindo vya miguu ya walio mbele.

"Mbona umenyamaza?" Bi Zuhura akauliza. "Mbele kuna nini?"

"Njia nyeupe, Bi Zuhura. Twende tu."

Twende tukaenda, moja kwa moja hadi kwenye meza ya maji. Nilisikia vikombe vikimwagika, baridi ikanipiga kifuani, kamba ikanivuta mkono, na Bi Zuhura akaanguka kwa viganja.

Watu wakaja mbio, na wote wakaja kwangu. Niliyevaa miwani nyeusi, machozi yanatiririka, mikono inapapasa hewani, ni mimi. Bi Zuhura havai miwani, na alikuwa ameshainuka mwenyewe. Binti mmoja akanishika mkono akinibembeleza, mwingine akamuuliza Bi Zuhura mbona hakumwangalia mwenzake. Kisha kipaza sauti kikaomba watu wamshangilie dada asiyeona ambaye hajakata tamaa. Wakapiga makofi. Nikasema, "Si mimi, si mimi," lakini nilisema kwa Kiswahili, tena kwa kilio, na makofi yakazidi.

Aliyenivua miwani ni Nassor, aliyekuja kasi kutoka kule mwisho wa mbio. Alinimwagia maji machoni polepole, na nilipoweza kuona, kitu cha kwanza kuona kilikuwa viganja vya mama yake vimechubuka.

"Umeacha kuona tangu wapi?" Bi Zuhura akaniuliza.

"Tangu darajani."

"Na nilipokuuliza?"

Nikainama kuokota vikombe.

"Kutoona nimekuzoea, mwanangu," akasema. "Nisichokizoea ni kudanganywa na niliyemshika."

Nassor akachukua kamba, wakatembea hadi mwisho. Mimi nilifuata nyuma yao, na njia nzima watu walikuwa wananipigia makofi mimi.

Nilimwomba msamaha kwa simu, akasema amenisamehe, ila kamba nimwachie Nassor kwanza. Ikawa Nassor, ambaye zamani hakuwa na nafasi hata ya kutembea na mama yake, anakimbia naye kila Jumapili, nami nakimbia peke yangu.

Miwani bado navaa. Sabuni ni tone, na nafuta mpaka kioo kinalia. Lakini nimeapa kwamba siku nitakayoacha kuona nikiwa nimeshika mtu, nitasema kabla sijainua mguu mwingine.

Juzi niliwakuta, ukungu umelala juu ya maji na njia yote. Bi Zuhura alinitambua kwa salamu, akanyoosha mkono wake wa pili. Tulikimbia kidogo, watatu, kisha nikasema, "Bi Zuhura, hapa mbele sioni."

"Haya," akasema, "tutembee."

Tukatembea.