Unga wa Mbao kwenye Giaboksi

Shemeji yake, seremala, alimuuzia fundi makanika gari kuukuu huku akiapa kuwa gia hazina neno. Mwezi haujaisha, zikagoma. Fundi akaingia uvunguni kumwaga oili ya giaboksi, lakini boliti ilikuwa imeng'ang'ania kama kupe. Akaipasha moto, akaigonga, akarefusha mpini wa spana kwa bomba, akaning'inia huku akiitukana na ukoo wake wote. Hatimaye ikalia, ikaachia. Oili ikashuka kwenye beseni, nzito kama uji, imejaa unga wa mbao.

Hila hiyo ya kunyamazisha gia mbovu aliijua. Mwenyewe aliwahi kuisimulia mezani kwa utani, na shemeji akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Mkewe akaja na chai, akachungulia beseni.

"Jamani! Si nilimwambia kaka asizidishe?"