Jani la Isale Kwenye Theluji ya Warusi

Siku Frosi alipompelekea Mfalme wa Baridi jani la isale, fundi mzima alilia juu ya cherehani mpaka gauni la mteja likalowa.

Gauni la kipaimara. Jeupe.

Nilikuwa nimesimama pale mlangoni na andazi mkononi. Mimi ndiye niliyemliza. Na Moshi nzima hakuna aliyeniamini.

Naitwa Primus. Kwetu Old Moshi, ila nashinda mjini. Chuo niliishia mwaka wa tatu, utafiti sikuwasilisha. Msiniulize kwa nini, mama yangu ameshauliza kwa niaba yenu wote.

Natoa kopi kwenye duka karibu na stendi. Mwenzangu pale ni Ashif, mtoto wa mwenye duka. Mlango unaofuata ni wa Shani, fundi cherehani, tumejuana tangu sekondari.

Shani ana ugonjwa mmoja tu. Vitabu vya theluji.

Vile vya Kiingereza, vinene kama tofali, jalada lina msitu mweusi na binti kashika shoka. Misitu ya Warusi, mbwa mwitu, bibi vizee wenye meno ya chuma. Anavichimbua kwenye marundo ya mitumba soko la Memorial, chini ya suruali za watoto. Akimaliza anawasimulia wenzake. Wamefika kumi na wawili pamoja naye, wana grupu lao la simu, Mabinti wa Baridi, na kila Jumamosi mchana wanajazana pale kwenye cherehani.

Siku moja nikamchokoza. "Jua la Moshi linakubabua hivi, theluji ya Warusi inakuhusu nini?"

Hakuinua kichwa. "Toka nje uangalie juu."

Nikatoka. Theluji ya Kibo ilikuwa wazi, nyeupe pee.

"Umeiona?"

"Nimeiona."

"Umewahi kuishika?"

"Bado."

"Na mimi bado. Tumezaliwa chini yake. Watu wanapanda ndege kutoka kwao kuja kuikanyaga, sisi tunaitazama tukianika nguo. Frosi hakuomba ruhusa. Aliamka, akachukua shoka, akaingia kwenye baridi."

Frosi ndiye huyo binti wa kwenye jalada. Jina lake kamili ni Yefrosinya, ila wenyewe walishamfupisha kama mtoto wa jirani.

"Vitabu viwili vizima, Primus, hajamwambia mtu samahani," Shani akaendelea. "Mimi tangu asubuhi nimeshasema samahani mara tisa. Mbili ni kwa mteja aliyenenepa mwenyewe."

Nikarudi kwenye kopi zangu.

Sasa shida ikawa kitabu cha tatu. Cha pili kiliishia Frosi yuko mlangoni pa jumba la barafu, kaka yake kageuzwa jiwe ndani, na Mfalme wa Baridi amekataa katakata kumwachia. Basi. Cha tatu hakuna. Shani alikitafuta miaka miwili, Arusha mpaka Dar.

Na mimi, kwa akili zangu, nikaona hapo pana utani.

Niseme ukweli, mimi ni mtu wa kuzingua watu. Niliwahi kubandika tangazo stendi kwamba Sanya Juu kuna kinyonga anaongea, watu wakapanda gari. Niliwahi kumpigia Shani kwa sauti ya kizee nikaagiza sare thelathini za kwaya ya Kahe. Alishakata na kushona nne ndipo nikacheka.

Safari hii nilipanga niandike kitabu cha tatu cha uongo. Kwa Kiswahili, eti ni tafsiri ya mwanafunzi mmoja wa Nairobi. Sura mbili za maana, halafu ya tatu Frosi anatupa shoka anafungua kibanda cha chipsi mayai. Ashif angeirusha kwenye grupu lao kwa laini yake mpya wasiyoijua, sisi tuko nyuma ya ukuta tunasikiliza wakipiga kelele.

Nikaanza kuandika kwenye kompyuta ya kazini, mchana wateja wakipungua.

Sura ya tatu ikafika. Nikajaribu chipsi. Vidole vikagoma.

Frosi alikuwa amesimama kwenye theluji mpaka magotini, na mimi ndiye niliyemweka pale. Nimpe karai la mafuta? Sikuweza.

Nikaandika sura kumi na tisa, na kila moja Ashif akairusha kwenye grupu.

Mimi. Mtu ambaye hata kwa kinyozi naondoka kabla hajamaliza nyuma.

Theluji siijui, kwa hiyo niliazima baridi ya kwetu, ile ya Julai, ukungu umeshuka, wewe unakata majani ya ng'ombe na vidole huvisikii. Sura ya kumi na nane nikakwama. Mfalme hataki, kaka bado jiwe, shoka limeshindwa. Nikampa Frosi dawa pekee ninayoijua. Bibi yangu akikosana na mtu alikuwa anachuma jani la isale mpakani mwa kihamba, shamba letu la migomba, analifunga fundo, anapeleka. Kwetu Wachaga ukiletewa isale hukatai. Hata kama umechomewa nyumba, unasamehe.

Frosi akapeleka jani. Mfalme akalia vipande vya barafu. Kaka akapumua.

Ndiyo hiyo siku ya gauni.

Sasa fikiria. Umefanya kitu kimoja cha maana tangu uzaliwe, na mtu anakililia mbele yako. Utanyamaza?

Nikaingia. "Shani, ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Niliyeandika. Hakuna mwanafunzi wa Nairobi. Yote ni mimi."

Akajifuta na kipande cha kitambaa, akanitazama kwa upole kabisa. "Sawa. Na kwaya ya Kahe wanasemaje, hawajambo?"

Wote waliokuwa ndani wakacheka.

Nikamwita dukani aone faili. Akasema nimekopi. Nikamwonyesha tarehe. Akasema tarehe zinabadilishwa, na kwa kuchezea watu sijambo. Nikaapa. Nesi mmoja wa kwenye grupu akaniambia, "Kaka Primus, hata kinyonga uliapa."

Wiki tatu nazunguka na kitabu changu mwenyewe kama mtu anayeuza simu ya wizi.

Kilichonimaliza ni Ashif. Laini ilikuwa yake, kwa hiyo wakampigia yeye. Akakubali.

"Umekubali nini?"

"Kwamba nimetafsiri mimi, ile ya mwanafunzi wa Nairobi ilikuwa uoga tu," akasema bila aibu. "Ulitaka nifanyeje, mshkaji? Wananipikia mtori. Wananiita mtaalamu."

"Waambie ukweli."

"Nikisema ni wewe wataona na mimi nimeanza utani."

Jumamosi wakamkalisha kwenye kiti cha wateja, katikati, wamemvika skafu licha ya joto lote lile. Mimi nikasimama mlangoni. Hakuna aliyenifukuza, na hakuna aliyenikaribisha.

Maswali yakaenda vizuri mpaka yalipofika kwa Mwalimu Mektrida. Huyu ni mstaafu, jirani yetu Old Moshi, hushuka na kikapu chake kila wiki na hukaa kimya. Ashif akamwamkia shikamoo mara ya pili.

"Marahaba, nimeshaitikia. Mwanangu, kwenye Kiingereza lile jani liliandikwaje?"

"Jani? Liliandikwa... jani la msamaha."

"Na linaota kwenye theluji?"

"La kule ni gumu, Mwalimu."

"Haya. Na fundo. Hukuandika vizuri. Lilianzia kwenye ncha au kwenye shina?"

Ashif akanitazama mimi.

"Kwenye ncha," nikajibu kabla sijafikiri. "Bibi alisema ukianzia shina, unaomba na huku bado umenuna."

Mwalimu Mektrida akageuka polepole.

"Mbuzi wa bibi yako waliwahi kula mahindi yangu yote," akasema. "Aliniletea isale kesho yake. Fundo la ncha. Nimelipokea kwa mkono huu." Akawatazama wenzake. "Kitabu ni cha huyu."

Nikasubiri makofi.

Kisha nesi akasema, "Kwa hiyo cha tatu hatujakisoma."

"Ila si mlilia," nikasema.

"Tulimlilia mtu mwingine. Frosi haombi msamaha. Nilisema tangu siku ile kuna kitu hakiko sawa, mkaniambia amekua."

Wakaanza kubeba mikoba, mmoja mmoja. Nilikuwa nimeaminiwa, na ilikuwa mbaya kuliko mwanzo.

Kesho yake nikapanda nyumbani, nikachuma masale mpakani, nikafunga mafundo ya ncha. Nikazunguka. Mwalimu Mektrida akapokea akiguna, "Umenibana." Nesi akapokea amekunja uso. Hata muuza ndizi wa kwenye grupu alipokea, na huyo nina hakika bado ana hasira. Kumi na mmoja, wote Wachaga. Ashif naye akarudisha skafu.

Akabaki Shani.

Nikamwekea jani kwenye meza ya kukatia. Akalitazama kama kitambaa cha rangi mbaya.

"Baba yangu Mdigo, mama yangu Myao," akasema. "Hilo jani kwangu ni kachumbari."

"Shani, jamani."

"Halafu nilijua tangu sura ya pili."

"Ulijua?"

"Frosi alikuwa anakata majani ya ng'ombe, Primus. Kwenye theluji."

"Na ukaniacha niitwe mwongo wiki tatu?"

"Nilikuacha uandike. Ningesema sura ya pili ungecheka, ungeacha pale pale, kama ulivyoacha chuo. Nilitaka kuona mwisho. Zile wiki tatu ni za sare nne."

"Na machozi?"

Akarudisha uzi kwenye sindano.

"Machozi yalikuwa ya kweli. Ndiyo maana nimekasirika. Umefika mlangoni kabisa, halafu ukamfanya Frosi awe kama mimi. Rudi. Andika sura ya kumi na nane upya, akamchukue kaka yake bila samahani. Hapo ndipo nitakusamehe, na jina lako nitaliandika mwenyewe kwenye jalada."

Kisha akavuta droo, akatoa kitu cha zambarau, akanirushia kifuani.

Jamani, mnaopenda kuchezea watu, nisikilizeni. Siku utakapofanya jambo la kweli, hao hao uliowachezea ndio utawahitaji waseme ni lako. Na watakuwa bado wanasubiri ucheke.

Mimi niko jaribio la sita la sura ya kumi na nane. Mfalme bado hataki. Naandika nikiwa nimevaa sare ya kwaya ya Kahe, ya zambarau, kola nyeupe, imekatwa kwa kipimo cha soprano. Wateja wa kopi wanaulizana.

Sharti la Shani ni kwamba sare naivua nikimaliza.