Friza la Kulala

Kwa miaka yote aliyohudumu katika chumba cha maiti, hakuna jirani aliyewahi kunywa hata maji nyumbani kwake. Si kwamba walimchukia. Msiba ukiwafika walimshika bega na kumwita baba. Wakishazika, alirudi kuwa Mzee Baridi, wa kupungiwa mkono kutoka ng'ambo ya barabara.

Alipostaafu aliamua kwamba tatizo lilikuwa kazi, na kazi imekwisha. Akajifunza kupika bia. Aliiweza, kwa kuwa alizoea usafi na kusubiri. Bia ilitoka na rangi ya asali, akaijaza kwenye mitungi ya chuma, ikabaki kuipoza tu. Alitaka jambo moja: Jumamosi moja watu wakae sebuleni kwake, wanywe, wachelewe kuondoka.

Akaenda kwenye duka la mafriji yaliyotumika, yeye na kaka wa mkewe, fundi cherehani, wamebeba mtungi mtupu wa kupimia.

"Mzee, ninayo mawili," alisema mwenye duka. "La kusimama na la kulala."

Fundi cherehani akakohoa. "Shemeji, chukua la kusimama."

La kusimama lilikuwa friji refu la mlango mmoja. Mtungi uliingia, ila mlango ukagoma kufunga. Rafu zake ziliugonga tumboni.

"Rafu zinakatwa. Nitazikata mwenyewe, hata kwa mkasi wangu."

"Ukizikata, unapata nafasi ya mtungi mmoja na nusu. Hiyo nusu utaibeba wewe kichwani?"

La kulala lilikuwa friza jeupe, lenye kifuniko cha kuinua. Mitungi mitatu ingekaa humo bila kugusana. Lingeigandisha bia, sawa, lakini kuna kidude cha kukata umeme baridi ikizidi. Kuta zake hazitobolewi, maana mabomba ya gesi yamepita ndani. Unaweka fremu ya mbao chini ya kifuniko, na koki unazifunga kwenye mbao. Yote aliyosema Mzee Baridi yalikuwa sahihi, na ndiyo yaliyomponza.

Shemeji yake akamvuta pembeni. "Nisikilize mimi nisiyejua mambo ya baridi. Wewe, kwa kazi uliyofanya, uweke sebuleni kitu kirefu, cheupe, cha kulala?"

"Cha kulala ni jina tu."

"Hata marehemu ni jina tu."

Mwenye duka alicheka, kisha akauliza mzee alikuwa akifanya kazi gani. Alipojibiwa alilipakia friza garini upesi sana, na mkono wa kwaheri hakutoa.

Jumamosi wakaja majirani watano, jambo ambalo lenyewe lilikuwa historia. Walikaa ukingoni mwa viti, mkewe akawagawia glasi. Koki zilikuwa pale mbele. Angezivuta tu, mambo yangekwenda. Lakini alijivunia kazi yake ya ndani. Akainua kifuniko, ukungu wa baridi ukamwagika sakafuni, naye akasema kwa sauti ya upole:

"Karibuni. Sogeeni mumwone."

Bia ni "muione". Tofauti ni silabi moja. Ila kwa maisha yake yote ya kazi alikuwa amesema "mumwone", na ulimi haukustaafu pamoja na mwenyewe.

Mama wa nyumba ya pili aliwahi kuambiwa hivyohivyo kule chumba cha maiti, siku aliposogea akamwona mumewe. Aliweka glasi chini taratibu. Akakumbuka ameacha jiko linawaka. Wengine nao wakakumbuka hili na lile. Wa mwisho hakukumbuka chochote, aliondoka tu.

Fundi cherehani alikunywa glasi mbili, kasimama.

"Tamu, shemeji. Haki ya Mungu, tamu."

"Ina povu sana."

"Tuliuze hili, tununue la kusimama."

"Na mimi utaniuza wapi?"

Fundi akajifanya anafuta povu mdomoni.

Mke wa Mzee Baridi alikusanya glasi akaziosha zote, hata ambazo hazikupata tone. Mwezi ulipokwisha alishangaa bili ya umeme haikupanda. Friza halili umeme mwingi, mafundi watakuambia, kama halifunguliwi.