Baba aliniambia nisiende chuo kwa kuwa Yesu yuko karibu, kumbe alikuwa anamsomesha kakangu

Admin, nifichie jina, maana huku kwetu, eneo la Kwanza, tunajuana na watu wa ushirika wetu husoma ukurasa huu. Mimi ni msichana wa miaka ishirini na sita, sijaolewa, bado ninaishi kwa wazazi. Nimelia mpaka nimechoka, ndipo nikaamua kuandika.

Baba yangu ni mkulima wa mahindi, na pia ndiye mwalimu wa unabii katika ushirika mdogo unaokutana hapa kwetu nyumbani. Ana shuka kubwa iliyochorwa wale wanyama wa Danieli na ile sanamu yenye miguu ya udongo. Tangu nikiwa mdogo, mimi ndiye humshikia upande mmoja akifundisha. Nilimwamini baba kuliko mtu yeyote.

Nilipomaliza kidato cha nne niliitwa chuo cha uuguzi huko Bungoma. Kabla sijaripoti, korona ikaingia. Shule zikafungwa, makanisa yakafungwa, redio inatangaza nzige, na baba akasema ishara ndizo hizo. Vyuo vilipofunguliwa aliniita tukakaa wawili, akaniambia muda uliobaki si wa kukaa darasani, ni wa kuandaa watu. Hakunilazimisha, wapendwa. Nilikubali kwa moyo wote, hata nikaona nimeheshimiwa.

Tangu hapo kazi yangu ni kulima, kukamua ng'ombe na kufundisha wasichana wa ushirika. Kuna seremala kutoka Kibomet, kijana mpole sana, alikuja na wazee wake kuniposa. Baba aliwapa chai, kisha akawaambia hizi si siku za kuoa na kuolewa. Nami nikamwacha aende. Sasa ana mke na watoto.

Kakangu mdogo, nitamwita Wafula, alipomaliza shule niliambiwa ametumwa Bungoma kwa shangazi ili afungue ushirika kama wetu. Kila akija nyumbani namuuliza kazi ya Bwana inaendeleaje, anasema ni sawa tu, halafu anatafuta sababu ya kutoka nje.

Mwezi uliopita nilitumwa Kimilili kuchukua mbegu. Nilipofika huko nikaona si mbali, wacha nifike Bungoma nimsalimie shangazi, kwa sababu alikuwa anaumwa na mgongo. Sikumwambia mtu. Niliingia sebuleni nikakuta picha mpya ukutani. Wafula amevaa joho na kofia ya kuhitimu, baba upande huu, mama upande ule, wote wanatabasamu. Baba alikuwa na koti lake la kijivu. Hilo koti nililipiga pasi mimi mwenyewe, asubuhi ile waliyoniaga ati wanaenda semina ya unabii.

Shangazi aliona nimesimama tu. Akaniuliza, "Kwani hawakukuambia?"

Nilikaa chini. Ndipo akanieleza kwamba Wafula amesoma uuguzi, kozi ile ile niliyoitiwa mimi, na kwamba amepata kazi katika hospitali moja hapo mjini. Maziwa niliyokuwa nakamua kila asubuhi, mama akisema ni ya kazi ya Mungu, ndiyo yaliyomsomesha.

Niliporudi nilimkuta baba uani anageuza mahindi kwenye turubai. Nilimuuliza kama Yesu anakuja ama haji.

"Anakuja," akasema.

"Sasa mbona Wafula alisoma?"

Aliendelea kugeuza mahindi. Halafu akaniambia bila hata hasira, "Mama, Bwana akija, wewe ndiye utatuombea. Akikawia, Wafula ndiye atatulisha. Singeweza kuwaweka nyote upande mmoja."

Huniita mama kwa sababu nimepewa jina la mama yake. Siku hiyo lilinichoma kama moto. Kumbe miaka yote baba alikuwa na shaka yake, na hiyo shaka akaificha kwa kutumia maisha yangu.

Mama nilimfuata jikoni. Hakukataa kitu. Alisema tu alidhani siku moja nitaolewa, mambo yangu yajipange. Nikamuuliza nitaolewa na nani, na yule wa Kibomet mlimfukuza mkiwa mmekaa pamoja? Akajifuta macho na leso, akaendelea kuchagua mboga.

Wafula alinipigia simu akalia. Anasema alikatazwa kuniambia, na yuko tayari kunilipia chuo. Lakini baba amenisihi ningoje. Anasema mimi nikionekana chuoni, watu watauliza kama mwalimu bado anaamini anachofundisha, na ushirika utavunjika.

Kinachonisumbua zaidi si hilo. Kuna wasichana ambao wazazi wao wamewatoa shule wakinitaja mimi kama mfano. Sasa kuna mwingine wa kidato cha tatu, mtoto mwerevu, mama yake anataka kumtoa. Msichana mwenyewe amesema atakubali kama mimi nitamwambia sijutii. Baba amenipangia kutoa ushuhuda Jumapili hii, mbele ya watu wote, na huyo msichana atakuwepo.

Mimi bado naamini Yesu atarudi. Hilo sijaliacha. Lakini nikisema ukweli namvua baba nguo mbele ya watu, na mama atakosa hata wa kumsalimia sokoni. Nikinyamaza, yule mtoto atarudisha yunifomu Jumatatu akidhani anamfuata Mungu, kumbe ananifuata mimi.

Wapendwa, mngekuwa ni nyinyi, Jumapili mkipewa hiyo nafasi ya kusimama, mngesema nini? Nishaurini kabla siku haijafika.