Nyanya za Beseni la Tatu

Bustani ile ilizaliwa na hasira, na msinishangae. Muuza mboga wa njia panda alimfungia mtoto wa darasa la nne nyanya nne zilizooza, kwa kuwa ni mtoto na mtoto hachagui. Bibi yake, dobi ambaye mtaa mzima ulimwita Bibi Povu, alizitoa mfukoni moja moja huku amefura. Alishajifunga nguo kiunoni aende akampe yule bwana za uso. Halafu akageuza nia, akaziminya zote juu ya gazeti na kuzianika mbegu dirishani.

"Kuanzia leo tutakula za kwetu," aliwaambia wajukuu zake wawili, Dada, ndiye aliyetumwa nyanya, na mdogo wake, Kitinda. "Yeye abaki na uozo wake."

Hawakununua kitu. Walichukua ndoo za sabuni zilizopasuka, wakazitoboa chini kwa msumari wa moto, wakachota udongo nyuma ya ukuta na kuuchanganya na maganda ya jikoni. Watoto walijaa matope mpaka masikioni. Na Dada, ambaye tangu mama yake aende mbali kutafuta kazi alikuwa mzito wa kusema, akaanza kuongea na miche. Aliisimulia mambo ya shule kila asubuhi. Bibi alisikia, akajifanya hasikii. Mtoto anaanza kurudi, alijiambia.

Sasa maji. Dobi ana mabeseni matatu: la kwanza la povu, la pili la kusuuza, la tatu la kusuuza mara ya mwisho.

"Miche inywe ya beseni la tatu," alisema. "Siku zote la tatu."

Dada akafungua mdomo.

"Na maswali peleka shuleni," bibi akamkata. Jibu hilo lilikuwa limemkaa ulimini. Ndilo alilompa pia siku alipouliza mama yake atarudi lini.

Nyanya zikatoa maua. Kisha Jumanne moja wakaamka wakakuta majani yamepauka, kingo zimeungua, mashina yamelala. Ndoo zote kumi na moja.

Jinsi bibi alivyomjia juu Dada, aliyekuwa akimwagilia, hata majirani walifunga madirisha.

"Umemwagia povu, mvivu wewe."

"Nilichota la tatu, bibi."

"Na uongo juu yake." Hapo hapo akamsema kwa sketi ya shule, mpya kabisa, iliyokuwa imeingia madoa meupe pindoni. Akamnyang'anya kopo la kumwagilia akampa Kitinda. Cha kumwagilia hakikuwepo tena, lakini mwenye hasira haangalii hayo.

Siku sita Dada hakutia neno. Shikamoo, ndiyo, hapana, basi. Anapakuliwa, anakula, anaosha sahani yake, analala. Bibi alifua kwa ghadhabu mpaka vifungo vya mashati ya watu vikang'oka, na chini ya ghadhabu hiyo alikuwa na hofu. Mtoto aliyeanza kurudi alikuwa anaondoka tena, na safari hii aliyemfukuza ni yeye bibi.

Jumatatu yakaja mashuka ya nyumba ya wageni. Ilikuwa kazi mpya, wiki yake ya pili. Mashuka meupe yana utaratibu wake: yakishasuuzwa hulowekwa kwenye dawa ya kung'arisha, katika beseni la mwisho. Bibi alipoinua shuka, tone likarukia gauni lake. Alisimama akilitazama doa likipauka, dogo, jeupe, sawa na yale ya sketi.

Kikulacho ki nguoni mwako. Alilipiga beseni teke mpaka likafika mlangoni.

Dada aliporudi shule alimkuta bibi ameketi juu ya ndoo.

"Kaa hapa. Ulisema kweli. Dawa niliitia mimi, na nyanya zako nimeziua mimi. Nisamehe." Neno la mwisho lilimtoka kwa shida, maana hakuwahi kulitamka mbele ya mtoto.

Dada aliziangalia ndoo. "Nilijua yale maji hayakuwa ya kawaida. Yalinuka, na yaliniwasha mikono."

"Sasa mbona hukuniuliza?" Hasira ilishapanda tena, ndivyo alivyoumbwa.

"Ulisema maswali nipeleke shuleni."

Bibi Povu akainuka, akaenda dirishani, akaleta lile gazeti lenye mbegu zilizobaki, akamwekea mtoto mapajani.

"Tunapanda upya. Na kuanzia leo uliza. Lolote."

Dada alilikunja gazeti, akalikunjua.

"Mama atarudi lini?"

Bibi aliitazama mikono yake iliyochunwa na sabuni.

"Sijui, mjukuu wangu," alisema. "Ndiyo maana nagomba."

Dada akamsogelea, wakaanza kuzing'oa nyanya zilizokufa.