Kanzu Zilizokosa Buluu

Duka la Mzee Kanti mjini Kitale lilinuka vitu vingi kwa pamoja: sabuni ya kipande, mafuta ya taa, tumbaku, kamba mpya za katani na chumvi ya ng'ombe. Hata ungefungwa macho ungejua uko wapi. Sakafu ilikuwa ya mbao na ililia kila ulipoikanyaga. Nyuma ya kaunta rafu zilipanda hadi darini, na kwenye rafu ya tatu, kati ya viberiti na sindano, ndipo lilipokaa boksi la buluu. Kwa wasioijua, buluu ilikuwa kidonge cha rangi ambacho mama zetu walikifunga kwenye kitambaa na kukitikisa ndani ya maji ya mwisho ya kusuuza nguo nyeupe. Maji yalikuwa kama anga la Januari, na nguo ikatoka nyeupe hadi macho yakauma. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na sikuelewa ni vipi rangi moja inaweza kuzaa nyingine. Nilimuuliza mama, nikamuuliza mwalimu, mwishowe nikamuuliza Mzee Kanti mwenyewe. "Hii toto maswali mingi," alisema kwa Kiswahili chake cha Kihindi, akicheka. "Mama ya kanisa, peleka yeye kwa daktari."

Alimwita mama hivyo kwa sababu buluu yote aliyonunua ilikuwa ya kanisa. Tuliishi Tongaren, na kanisa letu lilikuwa la kanzu nyeupe, wanaume kwa wanawake. Kanzu hizo hazikukaa nyumbani kwa watu. Zilikaa kwenye sanduku kanisani, na mtu mmoja tu ndiye aliyezifua. Mtu huyo alikuwa mama. Hakulipwa kitu, wala hakutaka. Baba alikuwa ametuacha akaenda kuoa upande wa Naitiri, na watu walikuwa wameshasema mengi juu ya mama, kwamba mume hakimbii bure. Kisha Jumapili moja Mchungaji alisimama akatangaza kwamba kanzu zitafuliwa na Dada Ruth, kwa maana mikono yake ni safi. Tangu siku hiyo midomo ilifungwa. Hata kisimani wanawake walimpisha ateke maji kwanza. Mimi mtoto nilijua jambo moja waziwazi: kanzu zile ndizo zilizomrudisha mama kati ya watu.

Mwaka huo, baada ya palizi ya mahindi, tulikwenda Kitale kununua buluu kama kawaida. Hatukulipata duka. Sisemi lilikuwa limefungwa, halikuwapo. Mlango wa mbao umekuwa kioo, sakafu imekuwa ya vigae vinavyong'aa, muziki unapigwa, na palipokuwa na magunia ya chumvi pamejaa simu za mkononi zimelazwa kwenye kabati kama vitoto vya panya. Msichana wa kaunta alituuliza tunataka simu gani. Mama akamuuliza Mzee yuko wapi. "Mzee gani?" akauliza yule msichana, na kweli hakuwa anajua. Tulikuwa tumefika pale miezi mitatu tu iliyopita! Mama alitoka nje, akautazama ukuta kutoka chini hadi juu, kisha akaushika kwa kiganja, kama mtu anayepima joto la mgonjwa. Mimi nilipigwa na butwaa hata nikasahau kuuliza swali.

Tulizunguka mji mzima. Kila duka lilitupa jibu lile lile: siku hizi hakuna anayeleta buluu, sabuni za unga zimewekwa kila kitu humo humo ndani. Mama akanunua hiyo ya unga. Labda ilifaa kwa maji ya mjini, lakini maji ya kisima chetu yalitoka na udongo mwekundu, na wiki baada ya wiki kanzu zilianza kugeuka. Kwanza kola, halafu kwapa, halafu zote zikawa rangi ya uji wa mahindi. Siku moja baada ya ibada, Mama Roda, mke wa Mchungaji, aliinua kanzu moja mbele ya wanawake wenzake.

"Dada Ruth, hii ni ya kuimbia ama ya kupikia?"

Walicheka. Mama akajibu taratibu, "Duka la buluu limefungwa, Mama Mchungaji."

"Ati duka! Kitale nzima iko na duka moja? Kikulacho ki nguoni mwako, dada. Jichunguze."

Maneno hayo yalitosha. Kesho yake kisimani hakuna aliyempisha mama. Usiende mbali ukadhani watu wale walikuwa wabaya. Walikuwa wamefundishwa kwamba kanzu ni kioo cha moyo, na moyo wa aliyezifua ndio wa kwanza kuonekana. Nilichoshangaa zaidi ni kwamba mama naye alianza kuamini. Alifunga kula siku tatu. Alikuwa ameliona duka lenyewe kwa macho yake limetoweka, na bado alipiga magoti akiomba aonyeshwe kosa lake.

Mkutano mkuu wa Agosti ulipobaki wiki moja, tulikwenda Bungoma kujaribu bahati. Huko nako hakuna. Jua lilikuwa kali, na tulipumzika kwenye baraza la duka la pembejeo za kilimo. Macho yangu hayajui kutulia. Ndani, kwenye ndoo iliyo wazi, niliona unga wa buluu, buluu haswa, mzuri kuliko hata ule wa Mzee Kanti. Nilimvuta mama mkono. Kijana wa duka alisema ni dawa ya kahawa, ya shaba, watu wa Kapsokwony kule mlimani huinyunyiza kwenye majani yasipate madoa.

"Si ya nguo?" mama akauliza.

"Ya nguo aje, mama? Ni ya kahawa hiyo."

Mama akageuka kuondoka. Mimi ndiye niliyesema, na hadi leo nayasikia maneno yangu: "Mama, kama inazuia madoa kwa jani, itashindwa na kola?" Akanitazama, akaitazama ndoo. Mfa maji haachi kutapatapa. Akanunua.

Tulisuuza kanzu zote siku mbili kabla ya mkutano, asubuhi na mapema. Mikono ilimwasha mama, lakini maji yalipendeza hata akaanza kuimba, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu palizi. Tulizianika kwenye ua zikiwa na ubuluu mwepesi, tukaenda shambani. Tuliporudi mchana nilidhani mtu ametubadilishia nguo. Kanzu zote zilikuwa za kijani. Na si kijani kimoja! Zilikuwa na mabaka, hapa hafifu, pale yaliyokoza, kama ukuta wa choo msimu wa mvua. Mama aliketi chini kwenye nyasi. Hakulia. Aliniambia tu, "Nasimiyu, lete beseni," na sauti yake ilinitisha kuliko kilio. Alizifua tena mara nne. Kijani hakikusogea.

Jioni hiyo alizikunja, akazitia kwenye beseni, akajitwika hadi kanisani ambako watu walikuwa wakifagia na kupanga viti. Nilimsihi tuseme zimeibiwa. Akaniambia mficha uchi hazai. Alisimama mbele, akatandaza kanzu moja mezani, akaeleza yote: duka la Kitale, sabuni ya unga, ndoo ya Bungoma, dawa ya kahawa. Hakunitaja. "Nilitafuta buluu nikaikosa," akamaliza. "Kama kuna dhambi nyingine, mimi siijui. Nimeitafuta nayo nikaikosa."

Nilingoja afukuzwe. Kisha Mama Roda, Mama Roda yuleyule, alikuja pale mezani, akavua kitambaa chake cha kichwa na kukigeuza ndani nje. Upande wa ndani ulikuwa na umanjano kama wa kiini cha yai. "Nimekigeuza miezi miwili sasa," alisema kwa sauti ndogo. "Hata mimi nilienda kwa Mzee Kanti. Nikakuta simu." Mwanamke mwingine akasema shuka zake anaanika ndani ya nyumba. Mwingine akasema amemfulia mtoto nguo ya ubatizo akaificha. Kumbe kila mmoja alikuwa amefika kwenye ule mlango wa kioo kule Kitale, akarudi nyumbani kimya akidhani ni yeye peke yake! Mzee mmoja wa kanisa akauliza, "Sasa tulikuwa tunamwachia Dada Ruth dhambi zetu zote, bana?" Ndipo watu wakacheka hadi wakashika viti. Tulifanya mkutano kwa nguo za nyumbani. Wageni wa mkutano waliposhuka kutoka mlimani, kanzu zao zilikuwa rangi ya meno ya mvuta tumbaku, na hakuna aliyeuliza.

Ningependa kuishia hapo, lakini mambo hayakuishia hapo. Mwaka uliofuata kanisa lilinunua kanzu za kitambaa kipya cha kiwandani, chepesi, kisichoshika uchafu. Ukikichovya majini kinatoka cheupe, hata mtoto anaweza. Kila mtu akapeleka yake nyumbani, na sanduku likawekwa vitabu vya nyimbo. Hakuna aliyemwambia mama neno baya. Kwa kweli hakuna aliyemwambia neno lolote.

Niliacha shule darasa la saba, na tangu hapo sijakaa mji mmoja zaidi ya msimu. Nimebeba mizigo Malaba, nimeuza mitumba Bungoma, nimepanga bidhaa kwenye duka kubwa la Kitale ambalo mwisho wake tuliambiwa tutawanye karatasi za choo rafu nzima ili wateja wasione utupu. Likafunga. Zamani kitu kikitoweka tulijilaumu na kufunga kula. Siku hizi watu hupita, wakauliza bei ya kilichokuja badala yake, wakaendelea na safari. Sijui lipi ni baya zaidi. Mimi bado hushtuka kila mara kama siku ile ya kwanza. Mwaka huu nilipomtembelea mama, nilimuuliza kama isingekuwa afadhali wangemfukuza jioni ile ya kanzu za kijani. Alikuwa akichambua maharagwe, na hakuinua kichwa.

"Ukifukuzwa, mwanangu, unajua mlango wa kurudi kuomba msamaha," alisema. "Mimi hakuna aliyenifukuza. Ningemwomba nani?"