Tembo wananitii, lakini nimechoka kuwa mjane wa kijiji kizima

Habari za kazi admin, na nyie wote mnaosoma. Naomba jina langu lisionekane, maana huku kwetu siku hizi hata wazee wana simu janja. Mimi ni mwanamke wa miaka 34, mjane, nina binti mmoja wa darasa la tatu. Naishi kwa wakwe zangu, kijiji kimoja cha jirani na Sitalike. Mtakaocheka chekeni, ila mkimaliza mnishauri.

Mwaka jana mahindi yakiwa yamekomaa, tembo waliingia shambani kwetu asubuhi, watu ndo wanakunywa chai. Mume wangu alichukua debe na fimbo akakimbia kuwapigia kelele kama tulivyozoea. Hakuwa mtu wa kusubiri wenzake. Mimi nilikuwa nyuma yake na pilipili za kuchoma, kwa sababu tembo hapendi moshi wake. Kabla sijafika, tembo mmoja alishampiga chini. Nikamlalia mume wangu, hata sijui nilikuwa nawaza nini. Yule tembo akasimama juu yetu. Nikamwambia, "Ondoka." Wala sikupaza sauti. Akageuka, na kundi lote likamfuata. Majirani waliona kwa macho yao. Mume wangu alikuwa ameshakata roho.

Tangu siku ile, tembo wakikaribia kijiji nyayo zangu zinawaka moto. Nikienda wanakopita nikawaambia warudi, wanarudi. Sijaenda kwa mganga, sijalala makaburini, sikuomba kitu kama hicho. Vijana wa kijiweni wamenipa jina la Mama Rimoti. Watu wananiletea kuku, wananipisha kisimani, kanisani wananiombea nisiugue. Hakuna anayeniuliza kama nimekula. Na kila nikiwarudisha tembo, namwona mume wangu chini pale kwenye mahindi. Wenzangu wanafurahi mazao yamepona, mimi narudi ndani nalala na viatu.

Kilichonimaliza ni binti yangu. Siku moja namsuka, akaniuliza taratibu, "Mama, mbona siku ya baba hukuwahi kuwaambia?" Nilimjibu kwamba siku ile nilikuwa bado sijui. Nikaendelea kumsuka mpaka nikamaliza. Jamani, ni hatua chache tu nilichelewa.

Sasa sikieni shida yenyewe. Kwenye ukoo wa mume wangu, mjane anavaa nguo nyeusi mpaka ndugu wa marehemu wamvue. Huwezi kujivua mwenyewe. Ukishavuliwa msiba umekwisha, unaweza hata kurudi kwenu. Mimi kwetu ni Mwese, mama yangu yuko kule milimani peke yake, na nilishamwahidi kwamba nitarudi na mjukuu wake. Mavuno yakapita, hawajanivua. Shemeji yangu, kaka wa marehemu, akasema tusubiri kidogo. Baadaye nikajua kwamba wazee walikaa wakakubaliana kuwa tembo wananiogopa kwa sababu ya msiba nilioubeba. Nikivuliwa nyeusi, uwezo nao utaondoka. Kwa hiyo nibaki mjane ili watu wale ugali.

Niliumia, lakini nisiwadanganye, nilipata na tumaini. Nikasema kumbe kuna siku hiki kitu kitaisha.

Mwezi uliopita Jumapili nilibaki nyumbani peke yangu, nyayo zikaanza kuwaka. Nikavua nguo nyeusi, nikavaa kitenge cha kijani alichoninunulia marehemu Mpanda mjini, nikaenda. Najua ni mwiko. Nilikuwa naomba moyoni wasinisikie. Nikawaambia rudini. Wakarudi wote, hata vitoto. Nililia pale shambani kuliko nilivyolia siku ya mazishi. Nikarudi, nikavaa nyeusi zangu, sikumwambia mtu.

Juzi mama mkwe aliniona nilivyokonda, akamwita shemeji na wazee wa ukoo. Huyu mama ni mpole, sijawahi kumsikia akibishana na wanaume. Siku hiyo alisema, "Aliyekufa nimemzaa mimi. Mvueni huyu mtoto, tembo waje wale." Shemeji akasema sawa, Jumamosi hii navuliwa, na wao watarudi kwenye madebe yao kama zamani. Kisha akanigeukia akaniomba msamaha kwa kunichelewesha.

Wanaamini kabisa kwamba Jumamosi uwezo unakwisha. Mimi peke yangu ndo najua hauishi. Nikinyamaza, nabeba mwanangu naenda Mwese, hakuna atakayenilaumu, tena watanisindikiza na wali na kuku. Nikisema ukweli, watanivua vizuri na bado nitawalindia mashamba mpaka nizeeke.

Nilishaamua kunyamaza, kweli tena. Lakini jana jioni nilimkuta shemeji uani anagongagonga debe la kaka yake, lile lile, ananyoosha pale lilipobonyea. Ana watoto watano, na yeye pia si mtu wa kusubiri wenzake.

Nishaurini, nifanye nini? Msiniambie nisali, nimesali mpaka nimechoka. Mnijibu kabla ya Jumamosi.